Mtu Mmoja Mbele ya Gari

Haya hayakumpata jirani wala rafiki wa rafiki. Yalimpata baba yangu mdogo, fundi wa taa za magari, na mimi nilikuwepo, nimeketi kwenye usukani.

Watu walimwita Fundi Mchana, maana akikufungia taa za LED, usiku wako umekwisha. Alikuwa mtu wa utani sana. Utani huo uliisha wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia, jioni ile mama mdogo, mkewe, alipogongwa akivuka barabara. Dereva aliapa kwamba hakumwona: gari lililokuja upande wa pili lilikuwa na taa kali zikampofusha. Mimi na baba mdogo tu ndio tuliojua ni nani aliyezifunga taa zile asubuhi ya siku hiyo, akaziacha zimeelekea juu, kwenye macho ya wanaokuja, kwa sababu mteja alikuwa na haraka.

Hakumwambia mtu. Kazini alirudi, ila chakula kilimshinda, na kila mara aliniuliza kama marehemu hujua mambo yetu, na kama husamehe.

Siku hiyo, saa nane mchana, tuliletewa gari jipya lenye taa zenye akili. Kamera yake ikimwona mtu mbele, taa zenyewe huzima kipande cha mwanga pale aliposimama, zisimchome macho. Tukaliegesha likiutazama ukuta mweupe wa kupimia, tukafunga milango ya karakana ili pawe giza. Nikawasha.

Ukuta wote uling'aa, isipokuwa sehemu moja. Katikati palibaki giza, kimo cha mtu mfupi.

"Hebu futa kamera," nikasema.

Akafuta. Giza likabaki palepale. Kisha likayumba kidogo kushoto, kama mtu aliyechoka kusimama akabadilisha mguu.

Kitambaa kikamdondoka baba mdogo.

"Ndivyo mama yako mdogo alivyokuwa akisimama," alinong'ona.

Nilitaka kuzima. Sikuwahi. Yeye akatembea mbele ya gari, taratibu, mpaka mwangani.

"Mke wangu. Zile taa nilizifunga mimi. Nisamehe."

Akanyoosha mkono. Giza likarudi nyuma hatua moja. Akalifuata. Likarudi tena. Likafika mwisho wa ukuta. Likatoweka.

Akabaki peke yake mbele ya taa. Hazikupungua hata kidogo. Mwanga wote ulimwangukia usoni, nikayaona machozi yake moja moja, na mimi nikalia humo garini.

Nilipozima, nilitazama kompyuta ya kupimia, ambayo huandika kila mtu aliyeonwa na kamera. Iliandika mtu mmoja. Kimo: sentimita mia moja hamsini na mbili. Baba mdogo ana futi sita kamili. Rekodi hiyo nimeifuta mara nne, na bado ipo.

Nikamwonyesha. Akaisoma mara mbili, macho mekundu.

"Kwa hiyo hakuniona," akasema.

"Haikukuona, baba. Ni kamera tu."

Akatikisa kichwa.

"Hakuniona," akarudia, akaenda kufungua milango.