Njia ya Nyuma ya Ghala

Siku ya soko, Agosti 1974, foleni ya malori pale Malaba ilianzia kwenye kizuizi cha forodha ikafika karibu na kituo cha reli. Madereva walikuwa wamevua mashati. Akina mama kutoka upande wa Tororo walipita katikati ya magurudumu na mikungu ya matoke kichwani. Mahali pa kukaa hapakuwepo, ila benchi moja la kituo lenye mtu mmoja tu. Amuron, ndani ya suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, ya rangi ya machungwa na viatu vya soli nene alivyoanza kuvijutia, aliliendea benchi hilo akajitupa juu yake. Ndipo aliponusa.

"Ni nini hiyo?"

"Samadi ya kuku," alijibu kijana, akiligonga gonga gunia lililokuwa kati ya magoti yake. "Pole, dada. Wenzako wote wamekimbia."

"Na unaisafirisha wapi, umeikumbatia hivyo kama mchumba?"

"Moding."

"Mimi ni wa Moding. Kwani huko hakuna kuku?"

"Kuku wapo, lakini wanazurura. Samadi yao iko kila mahali, kwa hiyo haiko popote."

Amuron alicheka. Kijana aliitwa Nathaniel, mtu wa Marachi, na alisomea kilimo Kabete. Amuron alisomea sheria katikati ya Nairobi. Baada ya maswali machache waligundua kwamba walikuwa wanachama wa kundi moja, Udongo na Haki, na kwamba likizo hiyo wote wawili walikuwa wakienda kambi moja. Basi la Moding lilichelewa sana. Amuron hakuhama kwenye benchi.

Kazi ya kundi ilikuwa ya kawaida tu. Walichimba mashimo ya mboji wakayajaza mabua ya wimbi ambayo wakulima walizoea kuyachoma. Jioni walizungumza na wakulima juu ya mizani ya wanunuzi wa pamba, ambayo kila mara ilisoma pungufu. Kanuni kuu ilikuwa moja: mwanachama anakula chungu kimoja na mkulima, ndani ya nyumba ya mkulima. Asiyeweza hilo, kundi si lake.

Nathaniel alipangiwa shamba la Mama Anjeline, mamake Amuron, mjane. Wiki ya kwanza alikula ugali wa wimbi na muhogo kwa mboga ya karanga mpaka Mama akamtania kwamba atamaliza ghala.

"Bwana Samadi," Amuron alimwambia siku moja wakichota maji mtoni, "unachimba kama unayelipwa."

"Nitalipwa, Wakili."

"Na nani?"

"Bado sijamuuliza." Alimshika mkono, hakuuachilia mpaka ndoo ikafurika.

Kesho yake aliacha kula kwa Mama Anjeline. Alichimba kama kawaida, hata zaidi, lakini chakula kilipotengwa alibeba sahani yake akaenda kwa jirani. Mama alipomnyooshea mkono kumsalimu, alirudi nyuma na kuinamisha kichwa. Amuron alimwona mamake akijifunika uso kwa leso na kupita nyuma ya ghala kila mara kijana alipotokea uani. Akajua ni aibu. Mama alikuwa ameaibishwa nyumbani kwake mwenyewe, na mtu ambaye yeye Amuron alikuwa ameanza kumsikiliza hata akiwa hayupo.

Hakumuuliza faraghani. Aliliweka jambo hilo mbele ya mkutano, katika darasa walilopewa na shule.

"Mwenzetu amekula kwa Mama Anjeline wiki nzima, halafu ghafla nyumba imekuwa mbaya. Atuambie kwa nini."

Nathaniel alitazama viganja vyake. "Siwezi kusema hapa."

"Ni kwa sababu sisi ni Wateso?"

"Amuron."

"Jibu!"

"Siwezi kusema hapa."

Kariuki, mwenyekiti, aliita kura ya kumfukuza. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Amuron. Nathaniel alikunja gunia lake tupu akalitia kwapani, akashika njia ya Malaba kwa miguu.

Nairobi, muhula ulipoanza, Amuron alifanya kazi zake zote kwa wakati. Ukweli ni kwamba pia alijikuta akisimama kando ya bustani za chuo kila mara mtunza bustani alipomwaga mbolea, na kusimama huko hakukuwa na sababu nyingine. Alianza kupiga simu Kabete.

"Halo, bweni," bawabu alijibu.

"Naomba Nathaniel."

"Yupi? Wa mbolea? Yuko shambani. Nimwambie ni nani?"

Akakata. Alikata hivyo mara nyingi, mpaka bawabu akamzoea.

"Dada, ni wewe tena? Leo yupo, anakula. Ngoja nimwite. Huyu hata Krismasi haendi kwao, amekuwa kama..."

Akakata upesi zaidi.

Desemba alirudi nyumbani, akamkuta mamake akichuma pamba. Ile sehemu iliyotiwa mboji ilijitambulisha yenyewe: mimea ilifika kifuani, vitumba vimepasuka hadi matawi ya chini.

"Kijana wa Marachi hajambo?" Mama aliuliza.

"Yule aliyekudharau? Tulimfukuza."

Mikono ya Mama ilisimama. "Mlimfukuza?"

"Alikataa kula kwako, Mama! Alikataa hata mkono wako!"

"Siku moja nilikutana naye njiani nimebeba chungu. Aliruka akaingia kwenye muhogo, akanipa mgongo mpaka nikapita. Mtu anayekudharau hujificha?"

Amuron aligeuka akalitazama ghala.

"Na mimi nikaanza kuzunguka nyuma ya ghala nisikutane naye. Wewe ulidhani naenda kutafuta nini huko?"

Kwa Wateso, kama kwa Wamarachi, mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, hampi mkono, haingii nyumbani mwake. Wakikutana njiani, mmoja anaipisha njia. Amuron alilijua hilo tangu utotoni, lakini alilijua kama jambo la waliokwisha kuleta ng'ombe wa mahari. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuanza na heshima kabla ya kuomba.

"Nilidhani mmeshaambiana," Mama alisema, akarudia pamba yake. "Kumbe mlikuwa mnasoma tu."

Asubuhi iliyofuata Amuron alikuwa posta ya Malaba, amevaa gauni la bluu la mamake la kwenda misa. Nyuma yake palikuwa na foleni ya madereva, maajenti wa forodha na mama mmoja mwenye kuku wawili.

"Halo, bweni."

"Nathaniel. Na leo sikati."

"Hatimaye!" bawabu alisema, akakimbia.

Kisha sauti, mbali, katikati ya mikwaruzo. "Halo?"

"Ni mimi."

"Wakili."

"Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono."

"Niliona."

"Mama anauliza mkwe wake yuko wapi."

"Nini? Laini mbaya!"

Amuron aliitazama foleni. Nathaniel alikuwa ameshindwa kulisema mbele ya marafiki. Hawa walikuwa wageni watupu. Akavuta pumzi, akapaza sauti: "Mama anauliza mkwe wake yuko wapi!"

Posta yote ilinyamaza, ila kuku.

"Alijua?" Nathaniel aliuliza.

"Tangu ulipoingia kwenye muhogo. Mjinga nilikuwa mimi peke yangu. Kwa nini hukusema?"

"Ningemtangazaje mama mkwe mkutanoni na binti yake sijamuuliza?"

"Basi niulize."

"Sasa? Huko hakuna watu?"

"Wamejaa mpaka mlangoni."

Alimsikia akicheka. Mtambo ukalia, na sauti ya opereta ikaingia katikati yao: "Malaba, muda wenu umekwisha. Mnaongeza?"

Kabla Amuron hajafungua mdomo, dereva aliyekuwa nyuma yake aliinama juu ya bega lake akapiga kelele kwenye simu:

"Anaongeza, boss! Huyu bado hajaulizwa!"