Shimo la Nne

Wakati ule, Jumamosi ilikuwa na harufu ya petroli na matope. Spana alikuwa anaamka kabla hajaitwa, anafagia uwanja, anaosha vyombo vya usiku, halafu anakimbia mpaka karakana ya shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina lake halisi walilijua walimu tu. Mtaani kote aliitwa Spana, kwa sababu tangu darasa la kwanza alisimama kando ya shangazi yake akimpa vifaa vya kazi.

"Nipe namba..."

"Kumi na tatu, hii hapa."

"Nani kakwambia nataka kumi na tatu?"

"Nati yenyewe imeniambia, shangazi."

Shangazi alikuwa fundi wa pampu za maji. Kwa kuwa alizoea kupiga kelele juu ya injini, hata akisalimia mtu barabarani ungedhani wanagombana. Lakini alipozungumza habari za babu, baba yake mzazi, sauti ile ilishuka. Shangazi alipokuwa mtoto, babu alikuwa anampeleka mtoni na karai, wanachota mchanga, wanauzungusha ndani ya maji taratibu, wakitafuta dhahabu.

"Mlikuwa mnapata punje ngapi?" Spana aliuliza kila mara, ingawa jibu alilijua.

"Punje mbili. Siku ya bahati, tatu. Ndogo kama vumbi. Tunazitazama, tunacheka, tunarudi nyumbani na njaa."

Basi mwaka ule mteja mmoja aliacha pampu ya bustani karakanani na hakurudi kuichukua. Shangazi akaitazama wiki nzima. Siku ya saba akasema, "Spana, tuunde mashine ya kunyonya mchanga mtoni. Karai limezeeka, na mgongo wangu pia."

Walijenga kwa Jumamosi tano. Walikata bomba nene, na ubavuni mwake shangazi akachomelea bomba jembamba kwa mshazari. Alimweleza Spana akimchorea sakafuni kwa chaki: pampu inasukuma maji kwa nguvu kupitia bomba jembamba, maji yale yakiingia kwenye bomba nene yanakimbia mbele, na nyuma yake yanavuta maji mengine, mchanga na kokoto kutoka chini ya mto. Mzigo wote unamwagika juu ya sanduku refu la mabati lililotandikwa zulia kuukuu, lenye vipande vya chuma vilivyokingama kama ngazi. Kokoto zinapita, dhahabu kwa uzito wake inazama na kunasa kwenye zulia. Ili mashine ielee, waliifunga juu ya tyubu mbili za trekta.

Siku ya kwanza, walipoijaribu kwenye dimbwi la kokoto nyuma ya karakana, mashine ilinguruma, ikatikisika, ikatema povu, basi. Seremala wa jirani, aliyekuja kutazama, alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, hii inanyonya au inapiga mswaki?"

Spana ndiye aliyeona tatizo. Kwenye kiungo cha bomba palikuwa na vipovu vidogo. Mashine ilikuwa inavuta hewa. Walikaza kiungo kwa ukanda wa mpira, wakajaribu tena, na kokoto zikaanza kugonga mabati kama mvua. Shangazi alimnyanyua Spana juu, buti na yote.

Ofisi ya maji iliwapa kibali cha kutumia sehemu moja ya mto, chini kidogo ya kivuko ambapo watu huvuka kwa miguu maji yakipungua. Sharti lilikuwa moja kubwa: kila shimo wanalochimba, wafukie kabla ya kuondoka. Kazi wakagawana. Jioni shangazi alikokota mashine kwa mkokoteni kurudi karakanani, na Spana alibaki na koleo kurudisha mawe na mchanga.

Jumamosi ya tatu ya kuchimba waliacha mashimo manne. Spana alifukia la kwanza, la pili na la tatu. La nne lilikuwa kubwa, maji yake yalimfika mabegani. Viganja vilikuwa vinamuuma. Wakati huohuo akasikia wenzake uwanjani wakigawana timu za mpira.

"Spana! Tuna pengo la golikipa!"

Aliangalia lile shimo. Maji yalikuwa yametibuka kwa tope, juu yake hapakuonekana tofauti yoyote. Mto utalijaza wenyewe, alijiambia, na akaficha koleo kwenye majani.

Usiku ule, wakinywa chai, shangazi aliuliza, "Umefukia?"

"Nimefukia."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

Shangazi akaendelea kunywa chai yake. Spana akaacha chai yake nusu, akaenda kulala.

Jumatatu, Spana alipotoka shuleni, alikuta watu wamejaa kivukoni. Katikati, juu ya jiwe, alikaa bibi mmoja aliyeuza mayai mtaani, watu wakimwita Mama Mayai. Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimevimba, muuguzi wa zahanati anakifunga bandeji. Trei zake zilielea majini, na ute wa mayai ulimgandia kwenye kanga mpaka mabegani.

"Nimevuka hapa miaka ishirini," alikuwa anasema. "Leo maji yalinisukuma chini kidogo, nikakanyaga, chini hakuna kitu! Nimeingia mpaka kifuani!"

Mwenyekiti wa mtaa alimgeukia shangazi, aliyekuwa amefika mbio na ovaroli lake la grisi. "Fundi, hayo ni mashimo ya mashine yako."

"Si ya kwangu," shangazi akajibu. "Mashimo yetu tunayafukia yote."

"Uliyaona kwa macho yako?"

"Sikuhitaji kuyaona. Mtoto wa kaka yangu alibaki kuyafukia, na ameniambia kayamaliza. Mtoto yule hasemi uongo. Niko tayari kumsimamia mbele ya yeyote."

Alisema kwa ile sauti yake ya kushinda injini, mtaa mzima ukasikia. Spana alikuwa nyuma ya seremala. Masikio yalimwaka moto. Angeweza kuondoka polepole. Hakuna aliyekuwa amemwona. Watu wangebishana, na mwishowe wangesema mto umejichimba wenyewe. Lakini shangazi alikuwa amesimama pale kidevu juu, akitetea kitu ambacho hakikuwepo.

Akapenya katikati ya watu. Alitaka kusema kwa sauti kubwa, ikatoka ndogo.

"Sikulifukia."

"Unasemaje, mwanangu?" aliuliza mwenyekiti.

"Shimo la nne. Sikulifukia. Nilienda kucheza mpira. Shangazi nilimdanganya." Akamgeukia yule bibi. "Nisamehe, bibi. Ni mimi."

Shangazi alimtazama muda mrefu, na kidevu chake kikashuka. Hilo ndilo lililomuuma Spana kuliko kofi. Kisha shangazi akainama mbele ya Mama Mayai. "Mama, nisamehe na mimi. Nimesema nisichokijua."

Mwenyekiti akaamua: mashine isiingie majini mpaka mguu wa yule bibi upone. Shangazi hakubisha. Alikunja ovaroli, akaingia mtoni, akaanza kukusanya mawe. Spana akatoa koleo majanini, akamfuata. Walijaza lile shimo mpaka jua likakaribia kuzama, na shangazi akakanyagakanyaga juu yake kwa buti mpaka likawa gumu.

Mayai je? Kila siku baada ya shule Spana alipita kwa Mama Mayai, akabeba trei kichwani na kuzungusha nyumba kwa nyumba, huku yule bibi akichechemea nyuma na fimbo.

"Taratibu, golikipa," alikuwa akimwambia. "Hapo kichwani usidhani umebeba mawe. Tembea kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala."

Wiki ya kwanza Spana alivunja mayai sita. Ya pili, moja. Ya tatu hakuvunja hata moja, na shingo yake ikawa imenyooka kiasi kwamba mwalimu wa michezo aliuliza kama ameongezeka urefu. Mwishoni mwa wiki ya tano Mama Mayai alitupa fimbo, akavuka mto kwa miguu yake mwenyewe, na alipofika ng'ambo akapunga mkono.

Jumamosi iliyofuata mashine ilirudi majini. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua. Jioni walipokunja zulia na kulisuuza ndani ya karai, chini ya mchanga mweusi zilibaki punje nne za dhahabu. Shangazi alizisogeza kwa ncha ya kidole. Alicheka kidogo, na machozi yakamlengalenga.

"Baba angezitazama hizi mpaka kesho," alisema.

Spana alikusanya ujasiri. "Shangazi, kwa nini siku ile hukunigombeza?"

Shangazi alikaa juu ya tyubu ya trekta, akavua buti moja na kumwaga maji.

"Kwa sababu ulikuja mbele mwenyewe, na najua hatua zile zilikuwa nzito. Lakini sikiliza, nikwambie sasa. Mtu akikuamini, haendi kukagua. Anaweka mguu pale ulipomwambia pamejaa. Mama Mayai alikanyaga maji, mimi nilikanyaga neno lako, na wote wawili tukazama. Kazi ikikushinda, niambie imekushinda. Nitachukua koleo tusaidiane. Ila usiniambie pamejaa wakati hapajajaa."

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Leo tumechimba mawili." Akasimama, akavaa buti lake lenye maji, akachukua koleo moja na kumpa Spana lingine. "Moja lako, moja langu. Tuone nani atamaliza kwanza."