Aseniki za Upande Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kengele, Restituta alifagia maabara ya shule yao ya sekondari huko Mbinga. Kidato cha kwanza walikuwa na zamu, lakini yeye alijitolea, maana mezani mle ndani ulikaa mfano wa fuwele alioutengeneza na Tadea, rafiki yake kutoka Lundo. Mfano ule ungepelekwa Songea kwenye maonyesho ya sayansi, na wao wawili wangeusindikiza.

Mchoro aliwapa Mwalimu Adrian. Ulionyesha maada ya chuma na aseniki ambayo, ikipoozwa kwa baridi kali mno, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Maada hiyo imejengwa kwa tabaka. Chuma hujipanga bapa kwa miraba. Mraba mmoja aseniki yake hukaa juu, ya mraba unaofuata hukaa chini. Katikati ya tabaka na tabaka hukaa metali nyingine, bariamu. Kwa kuwa aseniki ni sumu, wasichana walitumia vidonge vya udongo vilivyopakwa rangi badala ya atomi, na vijiti vya mianzi. Karibu vyote vilifinyangwa na Tadea.

Wiki ya mwisho Tadea alikwenda kwao kumzika bibi yake. Jumatano, mpini wa ufagio wa Restituta uligonga mfano, tabaka la juu likasambaratika. Alilipanga upya harakaharaka bila kutazama mchoro, na mikono ikafuata ilichozoea. Kwao Wamatengo wakilima ngoro, yale mashimo ya mlimani, majani hulazwa kwa miraba kisha udongo humwagwa juu yake. Basi naye akalaza chuma, akazibandika aseniki zote juu. Tabaka lilipendeza kwelikweli.

Ijumaa Mwalimu alikuja kukagua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani kapanga tabaka hili?"

Restituta aliiona safari ikimponyoka. "Ni Tadea, Mwalimu."

"Nilimweleza mara tatu! Mtu mzembe hivi hawezi kutuwakilisha. Utakwenda na Hyasinti wa darasa lenu."

Hadi mchana darasa zima lilikuwa likimcheka Tadea, na Restituta, aibu iliyoje, alicheka nao.

Jumatatu Tadea alirudi, kanyoa nywele kwa ajili ya msiba. Alimkabidhi Restituta kifurushi cha usipa, dagaa wakavu wa ziwa la kwao. "Mama kasema ule, usije ukakonda," alisema. Kisha akaona jina la Hyasinti mahali pa lake kwenye ubao wa matangazo. Alikwenda maabara, akautazama mfano kwa muda mrefu.

"Resti, nani kaligusa tabaka hili?"

Restituta alitazama sakafu. Tadea hakuuliza tena. Hata Mwalimu alipomwita ajieleze, alijibu tu, "Sijui, Mwalimu. Nilikuwa msibani."

Restituta alikuwa amesimama mlangoni. Tadea angemtaja angalau, angepiga kelele! Ukimya ule ulimchoma, machozi yakamtoka.

"Ni mimi, Mwalimu! Niliuvunja, nikaupanga vibaya, nikamsingizia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kukosa Songea."

Mwalimu alivua miwani. "Tadea, nisamehe. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Utakwenda wewe na Hyasinti. Restituta, utabaki, na leo utalirekebisha tabaka hili chini ya usimamizi wa Tadea."

Mchana ule walikaa meza moja. "Juu," Tadea alielekeza. "Chini. Juu. Chini." Kidonge cha mwisho kilipokaa mahali pake, Restituta alimgeukia.

"Nisamehe, Tadea."

"Nimekusamehe. Ila nimesikia mlikuwa mnanicheka siku ileile tuliyokuwa tunamzika bibi."

Alinawa mikono, akatoka. Restituta akalia kwa kwikwi.

"Lia tu," Mwalimu alisema kutoka mlangoni. "Kuvunja mfano halikuwa kosa kubwa, kila anayefanya kazi huvunja. Ungeniambia Jumatano, tungeutengeneza na mngekwenda wote. Uwongo wako umemchafua mtu asiyekuwepo kujitetea. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, na usikubali mwenzako abebe kosa lako hata kwa saa moja."

Alhamisi Tadea alipanda gari la Songea, mfano mapajani. Toka aliporudi, kila asubuhi humwambia Restituta, "Habari za asubuhi," kwa adabu kamili, kisha huenda kukaa dawati jingine.