Picha ya Kabla

Upande wa pili wa ukuta wangu aliishi bibi mmoja ambaye shuka zake zilikuwa nyeupe mpaka zinaudhi. Ukianika zako karibu na zake, unajionea aibu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nguo ndiyo maisha yangu, lakini nilikuwa nasubiri zake zianuliwe ndipo nianike zangu. Mtaa mzima tulimwita Bibi Dobi. Alifulia watu tangu mimi sijavunja ungo. Hata macho yalipoingia ukungu na wateja wakakimbilia mashine, aliendelea kufua zake kwa kupapasa. Akisuuza anainusa nguo, anatikisa kichwa, anairudisha kwenye beseni.

"Umaskini na uchafu ni vitu viwili," alikuwa akiniambia. "Mimi ninacho kimoja tu."

Haya ninayosimulia, mengi nimeyaona kwa macho haya mawili. Ambayo sikuyaona nimeyatoa kinywani mwa mtoto wa marehemu dada yangu, na kuyatoa haikuwa kazi ndogo. Nimemlea tangu ana meno ya utoto. Ananiita mama mdogo, na akiwa na shida ananiita mama. Sare zake za shule zilifuliwa na Bibi Dobi, bure. Nikitaka kulipa, Bibi ananijia juu: tangu lini mtu akamlipisha mjukuu?

Mwaka ule binti yangu huyo alikuwa chuoni, anasomea uuguzi. Chuo chao kilikuwa na utaratibu: kabla ya kumaliza, wanafunzi washuke mitaani kwao, wasaidie mtu mmoja mwenye shida, kisha waonyeshe walichofanya na walichojifunza. Jambo jema kabisa, sina ugomvi nalo. Akapangwa na wenzake wawili. Kiongozi wao alikuwa kijana waliyemwita Waziri, maana hata akiomba maji ya kunywa anahutubia. Mwingine msichana wa kucheka hata msibani, naye jina lake likawa hilohilo, Kicheko. Walipoulizana nani anamjua mtu wa kusaidiwa, binti yangu akainua mkono. Kwetu yuko bibi, akasema. Mzee, haoni, anaishi peke yake.

Walikuja asubuhi, jua zuri, ndoo na mifagio mkononi. Nilikuwa kwenye cherehani, nikawapungia. Nilijivuna, siwezi kusema uongo. Nilimwambia mteja wangu, unamwona mtoto niliyemlea?

Sasa sikiliza walichokikuta ndani. Hawakukuta kitu. Sakafu imesuguliwa, vyombo vimepangwa, kitanda kimetandikwa hakina hata mkunjo. Waziri akazunguka chumba kizima akijikuna kichwa. Chuo kilitaka picha mbili, ya kabla na ya baada, na kundi lilipimwa kwa tofauti ya picha hizo. "Hapa ya kabla tutaipata wapi?" akanong'ona.

Wakaitengeneza.

Nyuma ya nyumba zetu kuna jaa. Walibeba taka kwa ndoo zilezile walizokuja nazo: maganda, matambara, chupa zilizovunjika. Wakamwaga sakafuni. Wakakwangua masizi matakoni mwa sufuria, wakapaka ukutani. Wakaanua shuka kwenye kamba, wakazikanyaga tope, wakazitupa kitandani. Waliokota na mkeka uliooza, wakautandika pembeni, wakamketisha Bibi juu yake, wakimdanganya kwamba wanataka kupiga deki. Kicheko alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili asisikike.

"Mjukuu wangu," Bibi akauliza, "mbona nasikia harufu ya jaa ndani kwangu?"

"Ni dawa ya wadudu, Bibi."

Huyo ni binti yangu. Na Waziri aliponong'ona kwamba uso wa bibi ni msafi mno, haufanani na chumba, ni binti yangu aliyechota majivu jikoni, kwa kuwa yeye ndiye Bibi aliyemzoea. Alimpaka mashavu yote mawili kwa viganja vyake. Alimwambia ni mafuta. Bibi alitulia kama mtoto anayeogeshwa.

"Ahsante," Bibi akasema. "Mungu aibariki mikono yako."

Picha ikapigwa. Wakazoa taka harakaharaka, wakamfuta uso juujuu, wakampiga nyingine akiwa amekaa kitandani, wakaaga kwa adabu zote. Shuka hazikutakata. Kila siku nilimsikia Bibi uani anafua, ananiuliza kupitia ukuta, hivi ni pua yangu au bado zinanuka? Nilidhani ni uzee.

Picha zilichapishwa kubwa kama mlango, zikatundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia chuoni. Kundi lao likashika nafasi ya kwanza, Waziri akahutubia, watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja aliyewahi kufuliwa nguo na Bibi alizipita pale. Akaja mtaani na mfuko wa nguo kuukuu, akasimama mlangoni kwa Bibi anatokwa na machozi. Pole, mama, tungejua unaishi kwenye uchafu kama ule tusingekutupa. Bibi akamuuliza uchafu upi. Akaelezwa. Huruma nyingine, jamani, ni kisu.

Bibi aligonga ukuta wangu, akaomba nimpeleke. Nilipoiona ile picha nilijua ni uongo, maana chumba kile nilikuwa nikiingia kila siku ya Mungu na sijawahi kuona hata buibui.

"Niambie kilichopo," alisema.

Nikamwambia. Taka, masizi, shuka, mkeka.

"Na uso wangu?"

"Una majivu, Bibi."

Akanyoosha mkono, akaipapasa picha mpaka akaufikia uso wake. Asiyeona, akaufikia. Akaufuta taratibu kwa kiganja. Hakulia, hakupaza sauti.

"Walioleta watatoa," alisema. "Kwa mikono ileile."

Hakuwasha jiko tena. Nilimpelekea chakula, akakisukuma. Asubuhi moja nilimkuta amekwenda zake, amelala kwenye godoro tupu. Shuka zilikuwa uani ndani ya beseni, maji meusi tii. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha nilikuwa mimi. Mashavu yake yalitoa majivu. Nikasuuza, yakatoa tena. Nikasuuza, yakatoa tena, mpaka wenzangu wakaniambia tumfunike hivyohivyo. Mwanamke msafi kuliko wote mtaani alizikwa na uchafu wa watu.

Binti yangu aliniapia kwamba wakati yale yanafanyika yeye alikuwa ametumwa maji bombani. Nilimwamini. Kwa hiyo niliposimama kaburini nilisema kimoyomoyo, kwa hasira yangu yote: Bibi, usiwaache. Usimwache hata mmoja.

Alianza na Waziri. Chuo kilikuwa na wageni, naye kavaa shati jeupe, anahutubia juu ya kujitolea. Akatoa leso kufuta jasho. Leso ikatoka nyeusi. Akacheka, akafuta tena. Nyeusi zaidi. Majivu yalikuwa yanamshuka nywelani, yanamtoka masikioni, na alipofungua mdomo aendelee, yakamwagika kifuani. Watu walidhani ni mchezo wa kuigiza, wakapiga makofi. Walimkuta baadaye bombani anajisugua kwa jiwe mpaka nyama nyekundu. Wakamrudisha kwao. Sasa anakaa pembeni ya chumba, chini, na mtu akitaka kumwinua analia.

Kicheko alifuata. Yeye alianza kuamka na taka kitandani. Maganda, matambara. Anafagia, anakuta tena. Akabadilisha chumba, zikamfuata. Mara ya mwisho alipocheka, wenzake waliona ulimi wake umejaa majivu. Tangu hapo hafungui mdomo mbele ya watu.

Mlinzi wa chuo ni mteja wangu, namshonea sare. Alikuja dukani, akasogeza kiti karibu na cherehani. "Mama, ile picha inabadilika," alininong'oneza. Nikamwambia aache kunywa asubuhi. Hakucheka. Nikafunga duka, nikaenda naye.

Jua lilikuwa la adhuhuri, ukumbi mweupe, wanafunzi wanapita na vitabu. Nikaitazama picha ya kabla. Taka hazipo. Ukuta hauna masizi. Bibi amehama kutoka mkekani, amekaa kwenye godoro tupu, mikono magotini. Anasubiri. Uso wake bado una majivu.

Mkekani wamekaa wawili.

Waziri huku. Kicheko kule. Weusi tii, macho yanatutazama sisi. Na katikati yao pana nafasi. Nafasi ya mtu mmoja. Nilijiuliza ni ya nani, ilhali waliofanya ni wawili tu. Halafu nikaelewa.

Nilimkuta nyumbani, amekimbia chuoni, ameinamia beseni anajisugua. Viganja vyake vilikuwa vyeusi. Akasema ni rangi ya viatu. Nikamwambia nimeiona picha, na nafasi iliyobaki mkekani. Ndipo akaniambia yote, mpaka ile ahsante ya Bibi. Nilimzaba kofi, na sijutii. Kiganja changu kilirudi na majivu. Kisha nikamshika, nikalia naye, maana mtoto akinyea mkono haukatwi. Mwanangu ni mwanangu.

Weusi ulikuwa unapanda. Ulipofika kwenye kifundo cha mkono, vidole vikafa ganzi. Ulipopita kifundo, akasema anasikia harufu ya mkeka.

Alasiri hiyo tulisikia mtu anafua.

Nyumba ya Bibi ilikuwa imefungwa. Ufunguo ninao mimi. Beseni nililimwaga kwa mkono wangu siku ya mazishi, shuka nikazikunja zikiwa na madoa yake. Lakini kule ng'ambo ya ukuta kitambaa kilikuwa kinasuguliwa, kinasuuzwa, kinakamuliwa. Halafu kimya. Kimya kile cha mtu anayenusa nguo. Halafu kuanza upya.

"Mjukuu." Sauti ilipita ukutani. "Njoo."

Binti yangu alinishika mkono, hakusikia kwamba amenishika. Tukaenda kwa Bibi, nikafungua. Uani beseni lilikuwa limejaa maji meusi, shuka ndani yake, sabuni pembeni imelowa. Kigoda kimevutwa. Akakaa. Akatumbukiza mikono.

"Bibi, nisamehe," alisema.

Akafua. Maji meusi. Nikamwaga, nikateka mengine, yakawa meusi kabla hayajagusa shuka. Nilitaka kumsaidia, nikaingiza mkono. Kitu kiliushika ndani ya maji. Kidogo, chenye mifupa, kikaurudisha nje polepole, kwa heshima. Sikioni mwangu nikasikia pumzi.

"Siyo wewe."

Nilimtuma mtu mbio kwa baba yake Waziri, mlete mwanao afue na sehemu yake. Baba mtu alijibu kwamba yeye ni msomi, hana muda wa upuuzi wa waswahili. Haya. Kwa Kicheko hawakufungua hata mlango. Basi wakae mkekani.

Binti yangu alifua mpaka jua likaanza kuzama. Alilia, akanyamaza, akafua. Maji yakawa ya kijivu. Yakawa kama maziwa. Yakawa maji. Akainua shuka ya mwisho, ikatikisika yenyewe mikononi mwake, ikasogezwa juu kidogo. Usawa wa pua ya mtu mfupi. Tulisikia mtu anavuta pumzi. Tukangoja. Haikurudishwa kwenye beseni.

Tukaanika. Mikono yake ilikuwa imetakata, safi kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikamshika viganja nivibusu, nikaona. Havikuwa na mistari. Hakuna hata mmoja. Wala ncha za vidole hazikuwa na alama. Laini, tupu, nyeupe kama sahani. Na ganzi haikuondoka. Mpaka leo anashika moto hajui, anashika barafu hajui. Alijaribu kurudi kwenye mafunzo. Akamshika mgonjwa kifundo cha mkono ahesabu mapigo, akashika, akashika, akawaambia walimu huyu ameshakufa. Mgonjwa alikuwa anamtazama. Uuguzi ukaishia hapo. Sasa anakaa nami dukani, na nimemkataza kugusa sindano.

Mniulize kama namwonea huruma. Namwonea, usiku na mchana. Mniulize kama Bibi alizidisha. Hilo nendeni mkamuulize mwenyewe, mimi niliosha mashavu yake.

Chuo kiliishusha ile picha, na mlinzi anasema hakuna anayejua ilipowekwa. Sikumuuliza nani alikuwa mkekani.

Lakini shuka zipo. Hatukuthubutu kuzianua, na hazijakauka. Jua linawaka mpaka mabati yanalia, nguo zangu upande huu zinakuwa kama karatasi, na ng'ambo ya ukuta zile zinachuruzika maji, nyeupe, zinaumiza macho. Kwenye pindo la moja kuna alama ya kiganja, ya majivu, yenye mistari yake yote. Nimeisugua kwa kila sabuni ninayoijua. Juzi binti yangu aliweka mkono wake juu yake, ukaenea sawasawa, kidole kwa kidole.

Akashtuka. Akaniambia, mama, nasikia joto. Nasikia shavu la mtu.