Namba Iliyotafutwa Jina

Kila akimaliza kazi za shule, Chapuchapu huvuta kigoda akaketi kando ya mama yake, fundi wa mitandao. Jina hilo alilipata kwa haraka zake. Hata viatu alivivaa huku anakimbia.

Siku hiyo mtandao wa nyumbani ulikuwa ukijikokota. Kaka yake alihangaika kutuma maombi ya chuo, na mwisho wa kuyapokea ulikuwa jioni hiyohiyo.

"Kuna kifaa kinameza mtandao wote," Mama alisema, macho kwenye skrini. "Lakini naona namba tu. Sijui ni cha nani."

"Simu ya Kaka hiyo! Mpira kutwa nzima," Chapuchapu alidakia. "Mfungie, Mama!"

"Ukinifungia, chuo ndiyo basi tena!" Kaka aling'aka.

"Simfungii mtu kwa kukisia," Mama alisema. "Seva yetu, kompyuta inayotunza majina ya vifaa, ukiipa jina la kifaa, inakupa namba. Ningeweza kupekua orodha nzima ya majina na namba, lakini kesho tutaanza upya. Tuifundishe kinyume chake: tuipe namba, itupe jina. Namba uiandike kinyumenyume, na kila jina ulimalizie kwa nukta."

Kuifundisha seva! Chapuchapu aliruka kwa furaha. Aliinakili orodha, vidole vikiyaacha macho nyuma, Mama akaenda kuangalia jiko. Alijaribu kwanza namba ya printa.

"Mama! Jina limeota mkia wa namba!"

"Umesahau nukta," Mama alijibu kutoka jikoni. "Bila nukta, seva hudhani jina halijaisha, inalirefusha yenyewe."

Akaziweka nukta, akajaribu tena. Printa! Jina safi kabisa! Alicheza peke yake, kisha akauliza ile namba iliyoleta balaa.

Tableti-ya-Chapuchapu.

Katuni! Alikuwa ameziacha zikipakuliwa tangu mchana. Mama hakuwa ameona chochote. Angebadilisha herufi chache tu, lawama zingemhamia Kaka, ambaye sasa alikuwa amejishika kichwa.

"Mama," alisema kwa aibu, "ni mimi."

Alizisimamisha katuni mbiombio. Punde Kaka akapiga kelele, "Yamekwenda! Yamepokelewa!" Wote watatu wakashangilia.

"Nyani haoni..." Kaka alianza.

"Ishia hapo!" Mama alimkatiza akicheka. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwombe kaka yako radhi, ulimtaja kabla ya kuuliza."

"Nisamehe, Kaka."

"Yameisha."

"Sasa nikuambie," Mama alisema. "Ulikuwa na uwezo wa kuandika jina lolote, ukaliacha la kweli libaki. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kukabidhiwa seva."