Nusu Dakika Barazani

Jua lilikuwa linaaga mpiga picha alipoitega kamera mbele ya nyumba ya shangazi yake, nyumba ya mwisho ya zamani katika mtaa uliokwisha kuliwa na maghorofa ya vioo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Anapiga picha nyumba kuukuu kabla haijabomolewa, kisha anarudi kusimama palepale na kupiga jengo jipya. Kampuni ya ujenzi iliyomwajiri ilizitundika picha hizo mbilimbili ukutani ili wageni wabaki vinywa wazi.

Lakini mkubwa wa kampuni alimpendea ujuzi mwingine. Mpiga picha alikuwa akifunika lenzi kwa kioo cheusi na kuiacha kamera wazi nusu dakika nzima. Kilichotulia kilitokea. Mtu anayetembea, anayefua, anayepiga soga na jirani, hakuonekana kabisa. Mtaa uliojaa watu ukatoka gofu. Picha zikapelekwa kwa wakubwa wa mji: tazameni, hapaishi mtu. Tingatinga likaingia.

Kinyozi wa pale kona alifutika hivyo. Fundi cherehani naye hivyohivyo. Walihamia wapi? Hakuna aliyejua, na mpiga picha wetu hakujisumbua kuuliza.

"Wewe jamaa hupigi picha," kinyozi alimwambia mara ya mwisho. "Wewe unafagia watu."

Mpiga picha alicheka. Siku hiyo alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa shangazi alitoka barazani, kitambaa kipya kichwani. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ni kwenye baraza hilohilo alikomfundisha kufunga vifungo vya shati.

"Nisimame hapa mlangoni, mwanangu?" aliuliza. "Waone kwamba nipo. Wasije wakasema nyumba haina mwenyewe."

Mpiga picha alikifunga kioo cheusi kwenye lenzi. Angesema tu, simama hapo, tulia, nyumba ingepona.

"Hapana, shangazi. We endelea na kazi zako. Fagiafagia hapo, picha itapendeza."

"Haya. Wewe ndiye mjuzi."

Akamwamini! Akachukua ufagio, maskini, akainama.

Kamera ikafunguka.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Kisha kimya.

Alitazama picha kwenye kioo cha kamera. Baraza lilikuwa tupu, kama alivyotaka. Ila dirisha la juu...

Walikuwa wamejipanga dirishani, wametulia tuli. Kinyozi na taulo lake begani. Fundi na futi yake shingoni. Nyuma yao wengine, wa kila nyumba aliyowahi kuipiga. Katikati yao palikuwa na pengo la mtu mmoja.

Aliinua macho. Dirishani hapakuwa na mtu.

Barazani pia.

Ufagio ulikuwa umelala sakafuni.

"Shangazi?"

Aliingia ndani. Kulinukia poda ya kinyozi. Juu, cherehani ilikuwa inakwenda... inakwenda... Alipanda ngazi, akasukuma mlango. Chumba kitupu. Cherehani ikanyamaza. Na karibu kabisa na sikio lake, sauti ya upole, isiyo na hata chembe ya hasira:

"Sasa nimetulia, mwanangu. Piga."

Alitoka mbio, akaanguka, akainuka. Simu ikalia mfukoni.

"Imetoka tupu?" mkubwa aliuliza.

Angeweza kusema. Mdomo ulikuwa wake.

"Tupu," akajibu.

Alimtafuta shangazi hospitali zote na kwa kila jamaa aliyemkumbuka. Mwishowe akaenda polisi.

"Una picha yake ya karibuni?" askari aliuliza.

Hakuwa nayo. Maisha yake yote ni kamera, na hakuwa na picha moja ya shangazi yake!

"Alikuwa akiishi wapi?"

Akaitaja nyumba. Askari akauliza kwa simu, akasikiliza, akamtazama kwa jicho la huruma wanalotazamwa nalo watu waliochanganyikiwa. "Ndugu yangu, nyumba ile ilikuwa gofu. Wakubwa wa mji wana picha. Hakuna mtu aliyekuwa anaishi mle."

Ghorofa likapanda. Lilipokamilika, mkubwa alimtaka asimame palepale, saa ileile ya jua kuzama. Akaweka kioo cheusi. Akahesabu kimoyomoyo, akiwa ametulia nyuma ya kamera kama kazi yake inavyotaka.

Akatazama picha.

Vioo vyote viling'aa, isipokuwa kimoja, pale lilipokuwa dirisha la zamani. Kinyozi. Fundi. Shangazi na kitambaa chake kipya, amelijaza lile pengo. Alikuwa ameinua mkono, anaita, kama alivyokuwa akimwita utotoni giza lilipoingia.

Kando yake palikuwa na pengo jingine. La upana wa mabega ya mwanamume.

Nyuma ya mpiga picha, karibu na visigino vyake, kitu kikakwaruza lami.

Shwaa... shwaa...

Alitaka kukimbia. Alitaka japo kutikisa kidole.

Miguu ilitulia tuli.