Namba ya Mgongoni

Delmar Kosik, jirani yetu wa nyumba ya tatu, hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha karatasi, akastaafu na magoti mabovu na akiba ya kutosha jambo moja kubwa. Moja tu. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Kaka yake, Ervin, alijua jambo hilo ni lipi tangu utoto. Walipokuwa wakilala chini ya blanketi moja, waliahidiana kwamba siku moja wangekwenda Alaska kuwinda kulungu wa kule, wale wenye kimo cha farasi na pembe pana kama masinia. Sasa moyo wa Ervin ulikuwa umechoka. Daktari alimwambia kama anataka kupanda milima, apande mwakani au asahau kabisa.

Lakini Delmar alikuwa ameona tangazo. Ekari arobaini za msitu na kinamasi, huku huku kaskazini mwa Wisconsin, kwa bei ile ile ya safari ya Alaska.

"Alaska ni siku kumi," alisema jikoni kwake asubuhi moja. "Ardhi ni ya milele, kaka. Wajukuu watawinda pale."

"Wajukuu wako wanawinda soseji kwenye friji," Ervin akamjibu. "Dogo, mimi sina milele. Nina mwakani tu."

"Mshika mawili moja humponyoka," alisema Marlys, mke wa Delmar, akiinua birika. "Amueni, mnanimalizia kahawa yangu."

Delmar alikuwa ameshaamua. Hundi ya ile ardhi ilikuwa tayari kwenye pochi yake, na Ervin hakujua.

Mwenye ardhi alikuwa mjane mmoja, Bi. Ottilie Brandl. Aliwakaribisha wawinde pale siku ya ufunguzi wa msimu, mwezi wa Novemba, waonje kabla ya kununua. Akawapeleka kwenye kambi, kibanda cha mbao chenye jiko la kuni. Enzi hizo sheria ilimtaka kila mwindaji abandike kwa pini namba ya kibali chake mgongoni, na msimu ukiisha watu walizipigilia namba zao ukutani mwa kambi, ziwe kumbukumbu. Ukuta wa Bi. Brandl ulikuwa na safu nne za namba. Namba ya mwisho ya safu ya pili ilikuwa na doa la kahawia pembeni. Chini ya safu zote kulikuwa na msumari mmoja mpya, mtupu.

"Hawa ni akina nani?" Delmar aliuliza.

"Wamiliki wa zamani."

"Wamehamia wapi?"

"Hawajahama," alisema bibi yule, akafunga mlango wa jiko. "Winda popote upendapo, Bw. Kosik. Ila ule ulingo wa kuvizia, wa kwenye mwerezi mkubwa, usiupande. Una mwenyewe."

Huku kwetu, kupanda ulingo wa mtu bila ruhusa ni kama kulala kitandani mwake. Delmar alifundishwa hilo akiwa na miaka saba, na hakuwahi kulivunja. Lakini hundi ilikuwa mfukoni. Mwenyewe ni mimi, alijiambia. Kulipopambazuka Jumamosi, alimwacha Ervin chini ya mwaloni karibu na kambi, akaenda moja kwa moja kwenye ule mwerezi, akapanda.

Theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Ubao wa kukalia tu ndio haukuwa na theluji. Delmar alipokaa, aliuhisi una joto, kama kiti ambacho mtu amekiacha sasa hivi.

Asubuhi yote hakuona hata sungura. Jua lilipanda, likawa jeupe na kali juu ya theluji. Alikula mkate wake wa soseji, akanywa kahawa ya chupa, akaanza kupanga angejenga wapi kambi mpya. Hata ndege walikuwa kimya. Alikuja kuligundua hilo baadaye kidogo, na hakulipenda.

Adhuhuri ikalia milio mitatu ya bunduki kutoka kinamasini.

Mitatu, kwa nafasi sawasawa. Kila mwindaji anaijua: mtu yuko taabani. Ukiisikia unaacha kila kitu, unakwenda. Delmar alishuka haraka kadiri magoti yalivyomruhusu.

Mbele, kati ya miti, alimwona mwanamume akitembea polepole. Alikuwa amevaa koti zito jekundu la sufu, lile walilovaa baba zetu kabla sheria haijatulazimisha kuvaa rangi ya chungwa.

"Bwana! Umeumia?"

Hakugeuka. Delmar alimfuata. Mgongoni pa mtu yule palikuwa na namba, na pembeni ya namba kulikuwa na doa la kahawia.

Delmar akatazama chini. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu. Zake.

Alitaka kusimama. Miguu haikusimama.

Kisha milio mingine mitatu ikasikika, mara hii nyuma yake, upande wa mwaloni. Ervin.

Mtu wa koti jekundu akasimama. Mbele yake alitokea kulungu dume, mkubwa kuliko yeyote Delmar aliyewahi kumwona maishani, pembe zake zimetanda kama matawi. Kulungu yule alitulia tuli. Alaska ya nini? Wazo lilimjia Delmar kichwani, na hakuwa na uhakika kama lilikuwa lake. Mtu yule akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka. Kiganja wazi. Akasubiri.

Delmar akapiga hatua moja.

Barafu ya kinamasi ikalia chini ya buti. Akatazama. Chini ya barafu, karibu kabisa, palikuwa na kitambaa chekundu.

Na kingine.

Akalikumbuka blanketi. Akakumbuka sauti ya kaka yake gizani, akihesabu milima ambayo hawajawahi kuiona. Aliona aibu kali kuliko hofu. "Ervin," alisema, akageuka.

Hapo ndipo alipohisi vidole mgongoni. Havikumvuta. Vilikuwa vinafungua pini, taratibu, kama mama anayemvua mtoto kanzu. Delmar hakutazama nyuma. Alikimbia.

Ervin alikuwa ameegemea mwaloni, midomo ya kijivu, bunduki mapajani.

"Umechelewa, dogo," alinong'ona. "Umepita hapa mara mbili. Nimekuita. Hukugeuka."

"Sijapita hapa, kaka."

"Umepita." Akavuta pumzi kwa shida. "Lile koti jekundu umelitoa wapi?"

Delmar alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Hospitalini wakasema wangechelewa nusu saa tu, angekuwa marehemu. Jioni, Delmar alipoingia nyumbani, Marlys alimpokea koti, akalitazama mgongoni.

"Namba hii ya nani?"

Ilikuwa karatasi ngumu, ya zamani, imebanwa kwa pini yenye kutu. Ilikuwa na doa la kahawia. Namba ya Delmar haikuwepo. Marlys aliitupa ile ya zamani jikoni motoni bila kuuliza zaidi, na Delmar akaichana hundi, akampigia simu Bi. Brandl.

"Sinunui."

"Mbona msumari umeshajaa, Bw. Kosik?" alisema bibi yule, akakata simu.

Septemba iliyofuata walikwenda Alaska. Ervin alimwangusha kulungu wake siku ya sita, akakaa juu ya jiwe akalia kama mtoto, na Delmar akalia naye. Zilikuwa siku kumi za furaha tupu. Delmar hakujutia hata senti moja.

Wiki mbili baada ya kurudi, Ervin alileta picha. Aliziweka mezani jikoni, moja moja, wala hakutania.

Delmar mbele ya hema. Delmar karibu na moto. Delmar na zile pembe pana. Katika kila picha alikuwa ameipa kamera mgongo. Kule Alaska hakuna anayevaa namba, lakini mgongoni pake palikuwa na namba nyeupe, inasomeka vizuri. Ilikuwa namba yake ya Novemba.

"Nilikwambia utabasamu," Ervin alisema kwa sauti ndogo. "Na ulitabasamu. Nayakumbuka meno yako."

Marlys alikuwa amesimama mbele yake na birika, kahawa inamwagika sakafuni.

"Mume wangu," alinong'ona, "hebu basi nigeukie."

Na Delmar alikuwa anamtazama machoni.